Spika kuukuu: ubandike sponji au uweke mpya?

Sponji inayozunguka koni (sehemu ya mbele inayotikisika kutoa sauti) za spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 huoza hata zikikaa tu. Ukiigusa, inabaki unga vidoleni. Kwa bei, kubandika sponji mpya hushinda, na sauti ya asili hubaki. Ila gundi inataka subira: koni ikikaa upande, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inakwaruza. Na sponji itaoza tena.

Spika mpya ya Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, yenye ukingo wa mpira hudumu zaidi, lakini spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) mahali pa ya omu 8 huweza kuchemsha amplifaya, na besi huenda isipatane na kasha.

Kwanza sukuma koni polepole kwa vidole, pande zote sawa. Ikikwaruza, sponji pekee huenda isisaidie. Ikiteleza kimya na huna haraka, bandika. Kama sherehe ni Jumamosi, nenda Luthuli.