Nakala ya "The Avenue, Sydenham" ya Pissarro: rangi nzuri, maelezo pungufu

Niliagiza nakala hii ya mandhari ya Camille Pissarro katika duka moja la mtandaoni, nayo ikanifikia ikiwa imeviringishwa vizuri ndani ya bomba la karatasi ngumu, bila kunjo hata moja. Karatasi yake ni nzito na haing'ai, hivyo hata ukiitundika mkabala na dirisha unaiona bila taabu. Anga la majira ya kuchipua, barabara pana yenye miti inayoanza kutoa majani na mnara wa kanisa kule mbali vimetoka kwa rangi tulivu, zinazokaribiana sana na zile za mchoro wenyewe ulioko National Gallery, London.

Kinachonisikitisha ni kikaratasi cha maelezo kilichoambatana nayo, kinachomtaja Pissarro kuwa mchoraji Mfaransa aliyevutiwa na vitongoji vya London, kana kwamba alikwenda matembezi. Pissarro alikuwa Myahudi aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, wakati huo koloni la Denmark, na alibaki raia wa Denmark hadi alipofariki mwaka 1903. Aliingia London mwishoni mwa 1870 pamoja na Julie Vellay, ambaye walifunga ndoa huko Croydon mwaka uliofuata, na watoto wao, wakiikimbia vita ya Ufaransa na Prussia. Nyumba waliyoiacha Louveciennes, karibu na Paris, ilikaliwa na askari wa Prussia, na kati ya kazi takribani 1,500 zilizobaki humo, inakadiriwa zilinusurika kama 40 tu. Mtu aliyechora barabara hii yenye utulivu mwaka 1871 alikuwa mkimbizi.

Kuhusu mikono ambayo mchoro umepitia, kikaratasi hakina hata neno. Ningeridhika na mistari miwili: kwamba Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara wa sanaa aliyekimbilia London kwa sababu ya vita hiyohiyo, ndiye aliyeanza kununua kazi za Pissarro mjini humo, na kwamba National Gallery iliununua mchoro huu mwaka 1984. Kwa mchoraji huyu jambo hilo ni zito, kwani mmoja wa michoro yake ya Boulevard Montmartre, barabara ya Paris, wa mwaka 1897, ulikuwa mali ya Max Silberberg, Myahudi wa Breslau (mji uliokuwa wa Ujerumani, sasa Wrocław nchini Poland) aliyelazimishwa na Wanazi kuuza mkusanyiko wake, na haki ya familia yake juu ya mchoro huo ilitambuliwa mwaka 2000 tu.

Jingine linalokosekana halimhusu muuzaji. Kwenye mchoro halisi, upande wa kushoto, Pissarro alikuwa amechora mwanamke anayetembea kumwelekea mtazamaji, kisha akamfunika kwa rangi. Ukisogea karibu unaona alama zake kwa mbali, lakini kwenye nakala zimepotea kabisa.

Bado naipendekeza kwa anayetaka kuitundika nyumbani. Yangu nimeiandikia nyuma, kwa kalamu ya risasi, mahali alikozaliwa, alikokimbia na mwaka aliochora.