Programu ya kusomea logi za gama: miezi minane nikiitumia

Kazi yangu ni kutafuta mwamba mchanga unaoweza kuhifadhi mafuta au gesi ndani ya mabonde ya mashapo, na logi ya gama, yaani mchoro wa mionzi ya asili ya miamba kando ya kisima, ndiyo ninayoifungua kabla ya nyingine zote: kwa kawaida mchanga safi husoma chini, na mwambatope (mwamba wa tope lililoganda) husoma juu. Programu hii sikuichagua mimi, nililetewa. Nadhani sasa naweza kuisema bila kuionea.

Kuchora, inachora vizuri. Visima kumi na viwili kwenye skrini moja, kipimo cha 0 hadi 150 API (kizio cha gama), na haigandi. Kuoanisha vina na logi nyingine ni kuburuta kipanya tu.

Taabu iko kwenye kitufe cha kukokotoa kiasi cha mwambatope. Ukikibonyeza, programu inajichagulia yenyewe mstari wa mchanga safi (usomaji wa mwambatope asilimia 0) na mstari wa mwambatope (asilimia 100): inachukua namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote za kisima kizima. Katika faili langu la kwanza, sehemu zisizo na data ziliandikwa -9999 ilhali kichwa cha faili kilitaja -999.25 kuwa ndiyo alama ya pengo. Basi ikaona -9999 ndiyo mchanga safi! Kisima chote kikatoka mwambatope juu hadi chini, bila onyo lolote. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba picha nimeshamtumia bosi.

Kosa kama hilo angalau linajianika. Baya ni lile lisiloshtua. Fomula inayokuja nayo ni ya mstari mnyoofu: mchanga safi ukiwa 20 na mwambatope 120, usomaji wa 70 unakupa mwambatope asilimia 50. Kwa fomula ya Larionov ya 1969, usomaji huohuo ni asilimia 33 kwa miamba mikongwe, na kama 22 kwa miamba ya Tersiari, yenye umri mdogo zaidi. Weka kikomo cha mwambatope asilimia 30, na tabaka linabaki kuhesabiwa mchanga kwa fomula moja tu kati ya tatu. Zote zimo humo, ila zimefichwa ndani kabisa ya menyu. Mgeni hatazifikia, na hatajua amekosa nini.

Niisifu sasa. Kisima cha nne kilikuwa na tabaka la mita kumi na tano hivi, gama 95, nayo ikalipaka rangi ya mwambatope. Logi za neutroni na msongamano, zinazoupima mwamba kwa njia nyingine, zilikataa. Nilishuku tope la kuchorongea, maana likiwa na kloridi ya potasiamu hupandisha usomaji, lakini lingepandisha kisima kizima, si tabaka moja. Nikafungua dirisha linalotenganisha potasiamu, thoriamu na urani. Potasiamu juu, thoriamu chini: mchanga wenye feldispa nyingi (madini yanayobeba potasiamu), na vipande vya mwamba vilivyotoka kisimani vikakubaliana nayo. Dirisha hilo limetengenezwa na mtu anayeijua kazi. Sijui kwa nini hakupewa na kile kitufe.

Huduma kwa wateja? Niliwaandikia kuhusu -9999, wakajibu baada ya siku tisa kwamba nikague faili langu.

Nyota tatu. Siku hizi mistari miwili naiweka kwa mkono, kanda kwa kanda, ndipo nabonyeza. Wakileta dirisha dogo la kuniuliza mistari hiyo kabla ya hesabu, nitaongeza ya nne.