Gongo la Manjano na Mpira wa Matundu: Miezi Mitano ya Wiffle Ball Katika Ua Wetu wa Walukuba

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Walukuba hapa Jinja, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwandani, na ua wetu tunautumia familia nne. Hajati wa mlango wa pili ni Mnubi wa Bombo, jirani wa pembeni kwao ni Arua, wa mwisho ukoo wake ulitoka Kisumu, na mume wangu ni Msamia. Kiswahili ndicho kinachotupatanisha. Kwa hiyo mchezo wowote unaoingia ua huu huwa wa watoto kumi na mmoja, si wa mwanangu peke yake, na ndivyo ninavyoupima huu wa Wiffle Ball, ndugu mwepesi wa besiboli unaochezwa kwa gongo na mpira wa plastiki.

Mwanangu wa pili ana miaka kumi na moja na anapenda besiboli, ule mchezo wa Marekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, kuliko chakula. Mpenzi huyu hakuokota mapenzi yake hewani. Lugazi si mbali, ni hapo kwenye barabara ya Kampala, na watoto wa Lugazi ndio waliofika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Mwanangu anazijua habari hizi kama wenzake wanavyojua magoli ya Uingereza. Shida yake ilikuwa mpira wenyewe. Mpira halisi wa besiboli ni mgumu kama jiwe, na Oktoba iliyopita alivunja kioo cha Hajati. Nililipa shilingi 35,000, nikaufungia mpira ule kabatini.

Desemba mdogo wangu anayefanya kazi Waltham, Massachusetts, akaja likizo na boksi la Wiffle Ball: gongo moja, mipira mitatu, na karatasi ya sheria. Huu ni Mei. Nimeona ya kutosha kusema.

Gongo halina maneno mengi. Ni la plastiki ya manjano, jembamba, wazi ndani, urefu wake kama sentimita 81. Mtoto wa miaka mitano analizungusha bila taabu. Likimponyoka likampata mwenzake begani, kilio ni cha dakika moja. Limekanyagwa, limelala kwenye mvua, limetumika kuangulia maembe, na hadi leo limechubuka tu. Shikio lilianza kuteleza kwa jasho, nikalivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Basi.

Mpira ndio wenye habari. Ukubwa wake unakaribiana na ule wa besiboli, lakini ni ganda tupu jeupe. Nusu moja ni nzima, nusu nyingine ina matundu manane marefu yaliyopangwa kwa duara kama petali za ua. Kwa kuwa hewa haipiti sawasawa pande zote mbili, mpira unapinda njiani. Huhitaji mkono wenye nguvu. Unachohitaji ni kujua matundu yaelekee wapi kabla hujauachia. Wiki ya kwanza mwanangu alikuwa akirusha kwenye ukuta wa bafu kila akitoka shule: matundu juu, matundu kushoto, matundu kulia, kisha anachora kwa mkaa alama ya mahali ulipogonga. Ule ukuta sijaupaka rangi tena mpaka sasa.

Na ardhi yetu ni ya murramu. Mpira mpya una uso laini, ila baada ya siku kumi hivi ukishakwaruzika unapinda zaidi. Watoto waliligundua hilo upesi, na siku moja nilimkuta mmoja anausugua mpira kwenye jiwe la kunolea visu. Marekani wapo watu wazima wanaofanya hivyo kwa msasa, na baadhi ya ligi zao zinaruhusu, nyingine zinakataza. Sisi tumekataza. Changarawe ya Walukuba inatosha.

Udhaifu wake uko kwenye mshono. Mpira umetengenezwa kwa nusu mbili zilizounganishwa katikati, na mimi kazi yangu ni mishono, macho yangu yalikwenda pale siku ya kwanza. Wa kwanza ulipasuka Februari, pale pale kwenye kiungo, kwa pigo la kawaida tu. Kwenye majani pengine ungeishi zaidi. Na upepo wa ziwa wa alasiri unauchezea vibaya. Kuna siku tunaacha hadi saa kumi na mbili upepo utulie, na hapo mwanga unakuwa umebaki kidogo.

Mpira wa pili uliondoka kwa njia ambayo mtengenezaji hakuiwazia. Nilikuwa nimeinjika maharage kwenye sigiri nje, pembeni mwa kibaraza. Mtoto wa jirani akapiga juu, mpira ukagonga kamba ya nguo, ukashuka polepole kama unyoya, ukakaa kati ya sufuria na mdomo wa sigiri. Nilikuwa hatua tatu tu. Nilipofika na koleo, upande mmoja ulikuwa umelegea, matundu mawili yamefumba kama macho ya mtu anayesinzia, na harufu ya plastiki imeingia kwenye maharage. Maharage niliyamwaga. Mpira watoto waliupoza kwenye beseni wakaurusha tena, ukapinda ghafla pembeni, juu, chini, hakuna aliyeweza kuugusa. Wakaugombania kila mmoja awe mrushaji. Nikauchukua. Sasa uko juu ya kabati karibu na ule wa besiboli, na sheria yetu ya kwanza kabisa ikawa hii: sigiri ikiwaka, hakuna mchezo upande wa kibaraza.

Sasa karatasi ya sheria, ambayo kwangu ndiyo thamani kubwa ya boksi zima. Mchezo huu aliubuni David Mullany mwaka 1953 huko Fairfield, Connecticut, kwa ajili ya kijana wake wa miaka kumi na miwili. Kijana na rafiki yake walikuwa wakicheza nyumbani kwa kimpira cha plastiki cha gofu na mpini wa ufagio, na kwa kulazimisha mpira upinde, mkono wake ukawa unauma. Baba akachukua maganda ya plastiki yaliyotengenezwa kufungashia manukato, akayakata matundu ya namna mbalimbali kwa wembe, akampa mwanawe ajaribu mpaka wakapata linalopinda lenyewe. Nikisoma hilo namwelewa kabisa yule baba. Alitaka mtoto acheze bila kuumia na bila uwanja mkubwa, na sheria zake zimebeba nia hiyo.

Sheria iliyobadilisha ua wetu ni moja: hakuna kukimbia. Wakimbiaji ni wa kuhesabu tu. Uwanja unagawanywa kwa alama: mpira ukivuka alama ya kwanza, kama mita saba kutoka kwa mpigaji, ni besi moja, yaani mkimbiaji wa kuhesabu anasogea kituo kimoja, alama ya pili iko mita sita nyuma yake, ya tatu mita sita tena, na ukipita hapo ni homurani, pigo la kumaliza vituo vyote. Unatoka ukikosa mara tatu, au mpira wako ukidakwa hewani, au ukishikwa chini ukiwa bado unatembea. Wachezaji wawili wanatosha, mrushaji na mpigaji. Kumi ndio timu mbili kamili.

Binti wa kaka yangu mkubwa anaishi kwangu tangu akiwa na miaka sita. Alizaliwa na nyayo za kupinda, akatibiwa akiwa amechelewa, na mguu wa kushoto umebaki mgumu. Anatembea vizuri, anapanda ngazi, lakini hakimbii. Katika kila mchezo wa ua huu, kidali, kujificha, mpira wa miguu, kazi yake ilikuwa kushika viatu vya wenzake. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya kwanza mwanangu alipowasomea karatasi, akafika pale pa kutokukimbia, binti akauliza, "Hakuna kabisa?" Akasomewa tena. Akaweka viatu chini.

Leo ndiye mrushaji wetu bora. Mguu mgumu ule anauweka mbele kama nguzo, mwili wote unazunguka juu yake, na mpira unatoka kwenye vidole ukielekea nje kisha unarudi ndani kwenye jerikeni. Wavulana wa miaka kumi na minne wa block ya pili wanakuja kujaribu bahati yao kwake. Jumamosi iliyopita aliwatoa watatu mfululizo. Aliniita kutoka uani, "Shangazi, umeona?" Niliona. Nilikuwa nimeacha gauni la mteja kwenye cherehani, sindano ndani ya kitambaa.

Nimetaja jerikeni. Karatasi haikutusaidia sana kwenye ugomvi wa straiki, yaani mrusho unaohesabiwa kuwa mpigaji amekosa, kwa sababu watoto kumi na mmoja wote ni waamuzi. Tukaweka jerikeni ya lita ishirini juu ya kiti nyuma ya mpigaji, ndani yake maji kidogo isianguke. Mpira ukiigonga, unasikia "du!", ni straiki, hakuna mjadala. Kwa wakimbiaji wa kuhesabu tuna matofali matatu kwenye kibaraza, na vifuniko vya soda ndiyo wakimbiaji: vyekundu vya timu moja, vya bluu vya nyingine. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye mwenye kazi ya kuvisogeza, na anaifanya kwa heshima kuliko karani wa benki.

Vipimo vya karatasi havikutufaa, kwa kuwa ua mzima hauna mita ishirini. Tulipunguza: alama ya kwanza ni beseni la kufulia, ya pili ni shina la fenesi, ya tatu ni mfereji. Ukivuka mfereji ukaangukia barabarani ni auti, yaani mpigaji ametoka, siyo homurani, kwa sababu boda boda hazisimami. Hii niliilazimisha mimi na sikuruhusu kura. Homurani ni ukuta wa nyuma peke yake. Mpira ukigusa nguo kwenye kamba, mpigaji ametoka na anaifua nguo hiyo upya. Ukinasa kwenye majani ya fenesi ni besi mbili. Ukipanda mabati ya Hajati ukateremka, anayeudaka kabla haujagusa chini amemtoa mpigaji, na hapo ndipo utaona watoto sita wamesimama chini ya paa wameinua mikono, kimya, wakisikiliza mpira unavyobingirika.

Ukikwama juu, mchezo unasimama hadi Hajati atoe ruhusa ya kuweka ngazi. Siku moja walienda kumwita.

"Hajati, shikamoo. Tunaomba mpira wetu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Ngojeni nimalize swala."

Wakakaa kwenye ngazi wakangoja. Alipotoka aliwaambia wacheze, ila kati ya adhuhuri na alasiri anapumzika. Tangu siku hiyo saa hizo ua uko kimya, na vioo vyake vyote vipo.

Tahadhari moja kwa atakayenunua hapa nyumbani. Mpira wa kwanza ulipopasuka nilitafuta mbadala, na duka moja la vifaa vya michezo mjini likaniuzia mpira mweupe wa matundu kwa shilingi 8,000, likisema ni uleule. Matundu ni ya mviringo na yamezunguka mpira mzima. Mpira wa namna hiyo haupindi, unakwenda moja kwa moja na kupoteza nguvu. Nusu saa tu ukawa vipande viwili, na mwenye duka akakataa kuupokea tena. Kabla hujalipa, ugeuze mkononi: nusu moja iwe nzima, nusu nyingine iwe na matundu manane marefu. Ukikosa huo, afadhali ungoje.

Gongo nalipatia alama zote. Mpira naupunguzia kwa mshono na kwa kuwa huku haupatikani kirahisi, lakini hakuna mwingine ninaoutaka. Karatasi ya sheria nimeiweka kwenye fremu juu ya cherehani, na chini yake mwanangu amebandika ukurasa wa daftari wenye sheria zetu kumi na nne, zimesainiwa na watoto wote, Hajati na mimi.

Mpira wa tatu una ufa mdogo tangu Jumatano. Binti ndiye aliyeuona kwanza, ukiwa kwenye kiganja chake. Tumeufunga utepe mwembamba wa gundi juu ya kiungo, unaenda mzito kidogo na amelazimika kubadili mshiko. Mdogo wangu nimemwandikia kuna mtu wa Waltham anakuja mwezi ujao: atume mipira sita, gongo halihitajiki.