Uzoefu Wangu: Mafuta ya CVT FE kwenye Fielder, na Fundi Aliyeyatia

Kwa mwenye haraka, maoni yangu ni kwamba mafuta ya Toyota Genuine CVT Fluid FE, ya giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia), yamelifaa gari langu, ila yasingenisaidia kitu lau yangetiwa na fundi asiye na subira ya kungoja giaboksi ipoe. Nimeona nieleze kwa kirefu kwa sababu hapa Mombasa ushauri mwingi kuhusu mafuta ya giaboksi huishia kwenye bei na rangi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachokwambia kama mafuta ni ya gari lako.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder ya umbo lililotoka mwaka 2012, yenye injini ya 1.5 na giaboksi ya CVT, na kama magari mengi yanayoshushwa bandarini Kilindini, lilikuja likiwa limekwisha kutumika Japani, bila kumbukumbu yoyote ya lini mafuta ya giaboksi yalibadilishwa. Mimi hulitumia mjini tu: Nyali hadi kisiwani asubuhi, kurudi jioni katika foleni ya daraja, na mara kwa mara kuvuka Likoni, ambako husimama na kusogea kidogo kidogo kwenye mteremko wa feri. Mwendo ni mdogo, lakini giaboksi hupata joto kali bila upepo wa kuipoza, na watengenezaji wenyewe huyahesabu matumizi ya namna hii kuwa magumu. Kwa hiyo ile kauli ya madalali kwamba mafuta ya CVT ni ya maisha, sikuiafiki tangu mwanzo. Baadaye gari lilianza kutetemeka kidogo wakati wa kuondoka, mlio wa injini ukipanda kabla gari halijajivuta, nami nikaamua kutongoja zaidi.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilikuwa tayari kunitilia mafuta mekundu kutoka kwenye pipa. Nilipouliza ni ya aina gani, fundi alinijibu, “Mafuta ni mafuta, bwana, gari zote zanywa haya.” Nilimshukuru nikaondoka. Huenda mafuta yale yalikuwa mazuri kwa giaboksi ya otomatiki ya kawaida, ambayo ndani yake mna klachi za sahani na gia za meno. CVT haina ngazi za gia kama hizo. Ina puli mbili zinazobadilisha upana, na kati yake umepita mkanda wa chuma unaobanwa kwa nguvu ya mafuta. Mafuta hayo hutakiwa kulainisha chuma kisilike na papo hapo kuuwezesha mkanda kuishika puli bila kuteleza, na kazi hizo mbili hazipatani kwa urahisi. Mkanda ukiteleza hata kidogo huikwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haitengenezwi kwa kubadilisha mafuta. Rangi nayo ni ya kutiwa kiwandani, haithibitishi chochote.

Jina la gari pia halitoshi. Fielder ya umbo lililotangulia, ile ya 1.5 yenye 4WD iliyotoka kuanzia mwaka 2006, ina giaboksi ya otomatiki ya gia 4, na mwenye gari hilo akisikia “Fielder hutumia FE” akaenda kununua, atakuwa ametupa pesa na kuiumiza giaboksi. Nissan zenye CVT zina mafuta yao, NS-2 au NS-3 kwa kutegemea toleo, na Honda vilevile wana HMMF na HCF-2. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa, na magari yetu mengi yakija na kitabu cha Kijapani, herufi za aina ya mafuta, kama FE, TC au WS, husomeka humo bila haja ya kuijua lugha.

Mafuta niliyanunua mwenyewe katika duka la spea karibu na Mwembe Tayari, mikebe miwili ya lita 4 yenye namba 08886-02505. Bei yake iliniuma, sikatai. Niliuchunguza mfuniko kuona kama muhuri uko mzima, nikalinganisha namba za kundi kwenye mikebe yote miwili, kisha nikadai risiti. Muuzaji alinipendekezea mkebe wa bei nafuu ulioandikwa kwamba unafaa kila CVT duniani. Sina ushahidi wa kuukashifu, lakini kwa giaboksi ambayo kuifungua hugharimu kuliko mafuta ya miaka mingi, sioni faida ya kufanya majaribio.

Fundi niliyemkubali ana sehemu yake Changamwe, na jambo lililonivutia kwake ni kwamba alikataa kuanza kazi siku ile niliyofika. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Kipimo chake kiko chini ya sampu, yaani beseni la mafuta lililo chini ya giaboksi, kwenye tundu la kumwagia, ambamo mna kijibomba kifupi kilichosimama wima: gari likiwa sawasawa juu ya lifti na injini ikinguruma, mafuta yanayozidi urefu wa kijibomba hicho hutiririka nje, na yakifikia kudondoka tone moja moja kipimo kimetimia. Lakini hayo ni kweli pale tu mafuta yanapokuwa na joto la nyuzi 35 hadi 45 hivi, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata moto. Ukipima yakiwa moto sana, mengi hutoka na giaboksi hubaki na upungufu. Pampu huvuta hewa na mkanda hukosa mbano. Sasa fikiria gari lililotoka Nyali adhuhuri ya mwezi wa Februari: likifika Changamwe, mafuta yamekwisha kupita kiwango hicho zamani. Likalala gerejini. Asubuhi, baada ya kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, alichomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari chini ya usukani, akawa anaangalia joto likipanda taratibu, huku akipitisha gia kutoka P hadi D na kurudi, akituama kidogo kila hatua, kabla hajaifungua nati ya kipimo.

Mafuta ya zamani yaliyotoka yalikuwa meusi na yananuka moto, karibu lita 4 tu, maana yanayobaki ndani ya kigeuzi cha nguvu (torque converter) na njia za mafuta hayatoki kwa kumwaga mara moja. Kwenye sumaku za sampu mlikuwa na uji wa kijivu wa unga wa chuma, ambao ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ndivyo vya kutisha, na havikuwamo. Alibadilisha filta na gasketi mpya badala ya kupaka silikoni, jambo ambalo nampongeza, kwani mabaki ya silikoni huweza kumeguka na kuziba chujio. Nilirudi baada ya majuma kadhaa akamwaga na kutia mkebe wa pili. Kusukuma mafuta yote ya zamani nje kwa mashine nilikataa, naye hakunishurutisha.

Kabla sijaondoka alinikagulia maji ya rejeta, nami sikuona uhusiano wowote mpaka aliponieleza kwamba mafuta ya giaboksi hupozwa na maji hayohayo. Wengi huku hujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hula kipoza mafuta kutoka ndani, na siku kikitoboka, maji na mafuta huchanganyika yakawa kama chai ya maziwa.

Mtetemeko wa kuondoka umekwisha kabisa tangu mkebe wa pili, na kupanda kutoka kwenye feri ya Likoni gari hujivuta bila injini kupiga kelele. Lawama yangu ni moja. Risiti ya gereji iliandikwa “oili” tu, bila aina wala kiasi. Nilimrudishia, akaandika upya: CVT FE, filta, gasketi, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo.