Kozi ya uwezekano na takwimu kwa wahandisi: uzoefu wangu baada ya wiki 14

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imeliwa na wiki tatu za mwanzo: dadu, karata na mipira ya rangi kwenye mfuko. Kilichonifaa humo ni kanuni ya Bayes tu, yaani kurekebisha uwezekano wa jambo baada ya kupata ushahidi mpya, ila hiyo inafaa kwelikweli. Chukua mashine ya kukagua vipuri. Vibovu ni asilimia 2. Mashine inanasa vibovu 95 katika kila 100, lakini pia inasingizia vizima 4 katika kila 100. Kipuri kikikataliwa, kuna uwezekano gani kwamba ni kibovu kweli? Wengi hukimbilia asilimia 95. Weka fomula pembeni, anza na vipuri 10,000: vibovu 200, vinanaswa 190, vizima 9,800, vinasingiziwa 392. Vilivyokataliwa ni 582, na vibovu kati yao ni 190, kama asilimia 33 hivi.

Migawanyo ya Poisson (ya kuhesabu matukio) na ya kawaida (ya umbo la kengele) inafundishwa vizuri, sina neno. Weibull, mgawanyo wa muda ambao vifaa hudumu kabla ya kuharibika, ndiyo imeonewa: imepewa nusu kipindi. Mgawanyo wa eksponensha unachukulia kwamba kifaa hakizeeki, na beringi inazeeka. Kwenye Weibull, kigezo cha umbo kikiwa chini ya 1, vifaa vinakufa mapema kwa kasoro za kiwandani. Kikiwa 1, vinakufa kwa bahati tu. Kikizidi 1, ni uchakavu. Mtu wa matengenezo anaishi kwa hiyo sentensi moja, sasa kwa nini dadu zipewe wiki nzima?

Utamu wa kozi uko kwenye sampuli ndogo. Umevunja michemraba 5 ya zege, wastani ni megapaskali 31.2, mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 2.4. Unataka mipaka ya asilimia 95 ya wastani wa kweli. Ukizidisha kwa 1.96 ulivyozoea, unapata 31.2 kujumlisha au kutoa 2.1. Umekosea, kwa sababu huo mkengeuko wenyewe umeukadiria kutoka kwenye vipimo vitano tu. Unatakiwa utumie jedwali la t, digrii huru 4 (idadi ya vipimo kutoa 1), namba 2.776, na mipaka inapanuka hadi 3.0 kila upande. Jedwali hilo lina asili kiwandani: William Gosset, aliyechapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la Student, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness.

Hapohapo kuna mtego wa kikokotoo. Kwenye kukokotoa mkengeuko sanifu, kitufe cha sigma kinagawanya kwa n (idadi ya vipimo), kitufe cha s kinagawanya kwa n kutoa 1. Kwa vipimo 5 tofauti inafika kama asilimia 12, si ya kupuuza. Kwenye Excel, STDEV.S ndiyo ya sampuli.

Sehemu ya kupima nadharia tete ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana hesabu ni rahisi na tafsiri ndiyo inayoteleza. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata matokeo kama yako au ya kupindukia zaidi iwapo nadharia tete ni kweli, hivyo p ya 0.03 haisemi kuwa nadharia tete ina uwezekano wa asilimia 3 kuwa kweli. Rudia semina hiyo mara mbili. Kwenye rigresheni (kupitisha mstari kwenye data), usiridhike na R mraba ya 0.97, yaani kipimo cha jinsi mstari unavyoeleza data, chora mabaki (tofauti ya kipimo na makadirio ya mstari) dhidi ya thamani zilizokadiriwa. Yakijipinda kama bakuli, mstari mnyoofu haufai, hata R mraba iwe juu kiasi gani.

Kwa wanaoingia mtihani: majedwali ya mgawanyo wa kawaida hayafanani, na la kwenye mtihani linaweza kuwa tofauti na la kitabuni. Kabla ya swali la kwanza, tafuta 1.96. Likikupa 0.4750, linahesabu eneo kuanzia katikati, likikupa 0.9750, linaanzia mkia wa kushoto. Ukichanganya hayo mawili, kila eneo unalosoma linapotoka kwa 0.5.