Uzoefu wangu na chama cha wafanyakazi: nimelipa miaka 11, siku moja nikaomba kuona hesabu

Sijawahi kuandika maoni kuhusu huduma yoyote. Simu mpya iliponifia ndani ya wiki nilinyamaza, na basi lilipotutelekeza Chalinze usiku kucha nilinung'unika na abiria wenzangu hadi kulipopambazuka, kisha nikasamehe. Lakini chama cha wafanyakazi ni huduma ninayoilipia kila mwezi kabla mshahara haujanifikia, kwa miaka 11 sasa, na aliyelipa kwa muda huo anayo ruhusa ya kueleza alichopata. Jina la chama sitalitaja. Wenzangu wa viwanda vya barabara ya Pugu, Dar es Salaam, wanaweza kudhani ninasema chao, na mwenye kudhani hivyo simkatazi.

Nianze kwa haki: nilijiunga kwa hiari yangu. Wiki ya pili tangu niajiriwe katika idara ya kufungasha, mwenyekiti wa tawi wa wakati ule, mzee mtaratibu aliyekuwa fundi mitambo, alipita na fomu za TUF 6, zile za kuruhusu makato ya chama, akanieleza kwamba mwajiri atakata asilimia 2 ya mshahara wangu na kuipeleka chamani, na kwamba siku nikipata tatizo sitasimama peke yangu. Nilisaini juu ya boksi lililokuwa likisubiri gundi. Kwa mshahara wa leo makato hayo ni shilingi 5,600, yaani kilo mbili za sukari, na najua wapo watakaosema kwamba mtu mzima halii kwa ajili ya kilo mbili za sukari. Nawaomba wazidishe. Kiwandani kwetu tupo karibu 400, na sheria inamtaka mwajiri afikishe makato hayo chamani ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Akichelewa, anaongezewa asilimia 5 kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa hiyo fedha inafika, tena inafika kwa wakati. Katika huduma hii yote sijaona idara inayofanya kazi vizuri kama ile ya kupokea.

Tulichokuwa tukikiona sisi ni fulana ya Mei Mosi yenye kaulimbiu mgongoni, inayochuja rangi ikifuliwa mara ya kwanza, pamoja na kofia kwa waliowahi foleni. Sikulalamika. Nilijiambia kwamba chama ni kama zimamoto, humwoni kazini mpaka nyumba iwake.

Nyumba ikawaka kwa jirani. Miaka michache iliyopita, mvua za masika zilipokuwa zinakwisha, mwenzangu wa zamu aliachishwa kazi kwa tuhuma ya upotevu wa katoni ambazo hata mlinzi wa getini hakuziona zikitoka. Alikwenda chamani siku ile ile. Katibu wa chama akamwambia atulie, kwamba wanazungumza na menejimenti kwa hekima, na kwamba akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoamua migogoro ya kazi, atayaharibu mazungumzo. Akatulia. Asichoambiwa ni kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na kwamba siku hizo hazisimami kusubiri hekima ya mtu. Siku ya 30 ilipopita, simu ya katibu ikaacha kupokelewa. Alipokwenda Tume mwenyewe akiwa amechelewa karibu wiki tatu, alitakiwa kwanza aombe kusamehewa ucheleweshaji na aeleze sababu yake, na sababu aliyokuwa nayo, kwamba chama kilimwambia asubiri, haikuwa imeandikwa popote, wala katibu hakukubali kuiandika. Ombi likakataliwa. Leo anaendesha bodaboda ya mtu Gongo la Mboto, na tukikutana hanidai nauli, jambo linaloniumiza kuliko kama angenidai.

Sisemi kwamba katibu alipewa kitu. Sikuwepo, na wala sina karatasi. Nasema tu kwamba baada ya hapo nilitaka kujua fedha zetu zinafanya nini mjini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Katika semina ya elimu kwa wanachama, semina iliyoandaliwa na chama hicho hicho, mkufunzi alitusomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 51: kwamba chama kinapaswa kuandaa hesabu kila mwaka, zikaguliwe, zipelekwe mbele ya mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na ziwekwe katika ofisi ya chama ili mwanachama anayetaka aweze kuzikagua. Niliandika namba ya kifungu hicho nyuma ya daftari la mwanangu la hesabu. Basi asubuhi moja nilipotoka zamu ya usiku sikwenda kulala, nilinawa uso, nikavaa gauni la kanisani, nikachukua hati zangu za mshahara za miezi mitatu pamoja na kadi ya uanachama, nikapanda daladala hadi ofisini kwao.

Nilifika saa 3 asubuhi. Kijana wa mapokezi aliniuliza kama nina miadi, nikasema nina kadi. Akanionyesha benchi. Kutoka pale nililiona gari la ofisi uani, viti vyake vikiwa bado na nailoni, na kalenda ukutani yenye picha za viongozi wetu wamekunja mikono vifuani kama wachezaji wa timu iliyochukua kombe. Chini ya kalenda kulikuwa na mabunda ya fulana za Mei Mosi, mwaka uliopita na ule wa kabla yake, ilhali sisi tawini tuliambiwa zimekwisha na akina mama wawili wa idara yangu waliandamana na blauzi zao za nyumbani. Katibu aliingia saa 5. Alinipita bila salamu. Mimi ni mtu wa kusema shikamoo hata kwa ninayemzidi umri kidogo ili mambo yaende, nikaisema. Akaitikia akiwa ameshanipa mgongo.

Niliitwa saa 7 mchana. Nilieleza haja yangu taratibu, nikataja kifungu.

"Hesabu za nini, mama yangu?"

Nikasema hesabu za chama zilizokaguliwa, za mwaka uliopita.

"Kwani wewe ni mkaguzi?"

Nikasema mimi ni mwanachama.

"Hizo ni nyaraka za ndani."

"Kwani mimi ni wa nje?"

Hapo akaweka simu mezani kwa mara ya kwanza. Akaniambia, na maneno haya ninayakumbuka kwa sababu niliyarudia njia nzima hadi nyumbani, kwamba kazi yangu ni kuchangia na kazi yao ni kunitetea, na kila mtu akitaka kushika kalamu, nani atafunga boksi? Kijana wa mapokezi alicheka. Nadhani ni kile kicheko, kuliko hata maneno yenyewe. Mwanangu wa kwanza anakaribiana naye umri.

Niliondoka bila kuona karatasi hata moja. Kama mambo yangeishia pale, maoni yangu yangekuwa mafupi: huduma mbovu, lugha chafu, nenda ukiwa umeshiba. Lakini kesho yake asubuhi, kabla sijavua kofia ya kazi, niliitwa kwa meneja rasilimali watu. Aliniuliza kwa sauti ya upole, huku akinimiminia chai, jana nilikuwa natafuta nini ofisini kwa chama.

Naomba msomaji atue hapo. Nilikwenda kwa muda wangu mwenyewe, baada ya zamu, bila kumwambia mtu yeyote kiwandani, hata shoga yangu wa mashine ya pili. Waliojua safari yangu ni watu wawili tu, na wote walikuwa nyuma ya meza ile. Chama kilichoapa kunitetea mbele ya mwajiri kilikuwa kimempigia mwajiri simu kumwambia kwamba nimeuliza. Sikunywa ile chai. Nilisema nilikwenda kuulizia rambirambi, na hadi leo ninaona aibu kwamba nilidanganya kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kosa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwanachama wa NUTA, kisha JUWATA, vyama vya wafanyakazi vya enzi ambazo chama kilikuwa kimoja nchi nzima. Serikali iliiunda NUTA mwaka 1964 baada ya kuivunja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo Rashidi Kawawa aliwahi kuwa katibu mkuu wake, na katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, tena wa kwanza alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Baba alikuwa akisema kwamba ukitaka kumlalamikia waziri ulimpelekea waziri yuleyule. Tulikua tukicheka. Sheria ya mwaka 1998 ilipofungua mlango wa vyama vingi vya wafanyakazi vinavyojiendesha vyenyewe, mzee alifurahi sana, akasema sasa wafanyakazi watachagua watu wao. Tumewachagua kweli. Katibu wetu hakuteuliwa na Rais, tulimpigia kura sisi kwa wajumbe wetu, na wajumbe wetu walirudi kutoka mkutanoni na mabegi mapya yenye nembo.

Hata hivyo lazima niandike na upande huu, maana nilianza kwa kusema nitatenda haki. Mkataba wa hali bora tulionao, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu maslahi yetu, ulipiganiwa na tawi letu, chini ya yule mzee fundi mitambo. Ndani yake kuna basi la zamu ya usiku, na mwanamke aliyewahi kutembea kutoka getini hadi kituoni saa 6 za usiku hahitaji kuelezwa thamani ya basi. Kuna jeneza na usafiri mfanyakazi anapofiwa na mzazi. Baba yangu alisafirishwa hadi Iringa kwa kipengele hicho, na mzee yule alikuja msibani kwa nauli yake akakaa siku mbili, akichota maji kama mmoja wa wana wa nyumba. Ukiniuliza kuhusu chama nikimkumbuka yeye, nitakushauri ujiunge leo. Amestaafu. Aliyechukua nafasi yake ni rafiki wa katibu, na mkataba ulipokwisha muda wake mazungumzo ya kuuhuisha yalifanyika hotelini, bila sisi kuulizwa tunataka nini, ukarudi na kila kitu kile kile isipokuwa sahihi.

Basi jitoe, wataniambia. Nami niliwaza hivyo. Sheria inaruhusu: unatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa chama, makato yanakoma. Nimeshaiandika barua hiyo kwa mkono wangu. Halafu nikasoma mbele kidogo, kifungu cha 72, nikakuta kwamba chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba naye anafaidi mkataba. Kwetu makubaliano hayo yapo. Kwa maneno mengine, nikibaki ninakatwa, nikitoka ninakatwa, tofauti ni kwamba nikitoka sina hata kura. Sheria hiyo hiyo imesema kwamba ada ya uwakala itumike tu kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, na ni sharti zuri kabisa, ila kujua kama limefuatwa kunahitaji kuona hesabu, na hesabu ni nyaraka za ndani.

Kwa hiyo badala ya barua ya kujitoa nilipeleka nyingine, ya kuomba hesabu kwa maandishi, na safari hii sikuondoka mapokezi hadi nakala yangu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Kijana hakucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa kwa ajili ya muhuri, na kwa siku kadhaa niliwaambia watu kwamba chama si kibaya, kibaya ni kukidai kwa mdomo.

Jibu lilikuja kwa simu, jioni, nikiwa jikoni. Alikuwa katibu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imejaa asali. Alisema wameona kwamba mimi ni mama mwenye kiu ya elimu na kwamba watu kama mimi ndio chama kinawahitaji. Kuna semina ya akina mama viongozi Morogoro, siku tatu, jina langu wameshaliweka. Nikamwambia mimi si kiongozi. Akasema nitakuwa. Nikamuuliza kuhusu barua yangu, akasema hayo tutayaongea huko huko Morogoro, kwa utulivu.

Maharage yalikuwa yanaungua na sikuyatoa motoni. Nilipaswa kumkatia simu, na ninapoandika haya ninatamani sana kusema kwamba nilimkatia. Nilimuuliza posho ni kiasi gani kwa siku. Akanitajia. Kwa siku tatu inazidi mshahara wangu wa mwezi mzima.

Semina ni wiki ijayo. Sijamjibu. Barua ya kujitoa bado iko kwenye mkoba, pamoja na ile nakala yenye muhuri, na makato ya mwezi huu yameshapita.