Prosesa ya sauti ya redio na TV: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wadau, kabla hujauliza prosesa gani (mtambo unaobana na kusawazisha sauti kabla haijarushwa) inatoa sauti kubwa kuliko zote, jiulize kwanza sauti yako inaishia wapi. Ikiishia kwenye transimita ya FM unahitaji mtambo wa aina moja, ikiishia kwenye TV unahitaji mwingine, na ya strimu nayo ina mambo yake. Wengi wanapigwa hapo hapo, wananunua ya FM alafu wanaifunga kwenye strimu na wiki nzima wanalalamika sauti inachosha masikio.

Tuanze na FM maana huko ndo pesa nyingi zinapotea. Sharti langu la kwanza ni lazima iwe na jenereta ya stereo ndani na output ya MPX (ishara moja yenye stereo yote ndani, tayari kwa transimita), kwa sababu kwenye FM mwisho wako ni devieshen (kiasi masafa yanavyoruhusiwa kuyumba) ya 75 kHz na anayelinda huo mpaka awe wa mwisho kabisa kabla ya transimita. Ukiibana sauti studio alafu ukaipitisha kwenye koda inayopunguza data, vilele vya sauti vinachomoza upya njiani na inabidi ushushe kila kitu, yaani kazi yote ya prosesa imeliwa.

Sharti la pili ni jinsi inavyoshughulikia herufi S. FM inapandisha sauti nyembamba kabla ya kurusha, ndo hiyo priemfasisi, mikrosekunde 50 sehemu kubwa ya dunia na 75 Marekani. Hata kwa hiyo 50, kule juu kwenye 15 kHz mnyanyuko unakaribia decibeli 14! Prosesa dhaifu inakata tu hizo S na zinakwaruza kama msumari kwenye bati. Ukienda kujaribu mtambo usipige muziki peke yake, mpe mtangazaji maiki aseme "sasa ni saa sita usiku" mara tatu hivi, utajua. Niliwahi kuhangaika siku mbili kwenye kituo kimoja na S za namna hiyo, tukailaumu prosesa mpaka basi, kumbe priemfasisi ilikuwa imewashwa kwenye prosesa na kwenye transimita pia. Tukazima ile ya transimita, sauti ikatulia hapo hapo.

Sasa kwa mpangilio wangu, namba moja kwa kituo kidogo ni Stereo Tool ya Thimeo. Ni programu, unaiweka kwenye kompyuta yenye kadi ya sauti ya 192 kHz ili iweze kutoa MPX, na ina kitu nakipenda sana, inarekebisha nyimbo ambazo zilishapondwa huko huko studio kabla ya kuzibana upya. Ila kompyuta iwe ya kazi hiyo tu, isiguswe na mtu, na iwe na UPS.

Namba mbili ni boksi la daraja la kati, Inovonics, DEVA au Optimod ndogo za Orban. Kama transimita iko mlimani na hakuna mtu anayelala huko mimi ningeanza na hili hata kabla ya programu, umeme ukirudi linawaka lenyewe na kuendelea.

Namba tatu ndo yale makubwa, Omnia.11, Omnia.9, Optimod 8700i. Ni mazuri kweli, lakini bila fundi mwenye masikio ya kukaa nayo wiki kadhaa akirekebisha setingi, utabaki na setingi za kiwandani na hela imeenda.

Optimod 8100 za analogi zilizotumika nazipa nafasi ya nne, chukua kama una fundi wa kubadilisha kapasita zilizokauka. Kompresa ya studio ya muziki usiitie kabisa kwenye FM, haijui priemfasisi.

TV ni hesabu nyingine, huko kinachopimwa ni ukubwa wa wastani kwa kipimo cha ITU-R BS.1770. Ulaya wanafuata EBU R 128 ya mwaka 2010, −23 LUFS (yaani kizio cha huo ukubwa wa sauti), na Marekani ni −24. Kwa matangazo ya moja kwa moja angalia Jünger au Linear Acoustic. Matangazo ya biashara yaliyorekodiwa hayahitaji boksi, programu ya bure ya ffmpeg inayaweka sawa kabla hayajaingia kwenye ratiba.

Strimu iwe kati ya −20 na −16 LUFS, bila klipa kali (ile inayokata vilele vya sauti) maana fomati za AAC na MP3 zinazidisha mikwaruzo.

Na kabla hujalipa uliza ucheleweshaji ni milisekunde ngapi. Ikizidi kama 10, mtangazaji anajisikia mara mbili kwenye hedifoni na anaanza kujikwaa, kwa hiyo hakikisha kuna output ya pembeni yenye ucheleweshaji mdogo kwa ajili yake.